Bakipleni: historia ya ubao usio na jina

Chini ya mnara wa simu kuna kabati, na ndani ya kabati hilo mara nyingi kuna sanduku la chuma lenye nafasi za kuchomeka kadi. Kadi moja inachakata mawasiliano, nyingine inaleta umeme, nyingine inaunganisha mnara na mtandao mkubwa. Fundi akija anachomoa kadi mbovu, anachomeka nzima, anafunga kabati na kuondoka zake. Kadi zote hizo zina majina, na kila moja ina bei yake kwenye karatasi. Kinachozipokea kwa nyuma, ule ubao mkimya wenye soketi zilizopangwa kama meno, hakina jina la Kiswahili. Waingereza wanauita "backplane". Mafundi wetu wakibanwa husema "bakipleni", au "ile bodi ya nyuma", au wanaonyesha tu kwa kidole.

Ubao huo una historia ndefu kuliko watu wengi wanavyodhani, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ugomvi wa majina: nani aite nini, na akishakiita, nani anakimiliki. Nimeifuatilia kwa sababu huku kwetu Kisorya neno hili limewahi kuwagharimu watu fedha. Nitafika huko. Kwanza tuelewane kitu chenyewe ni nini.

Wengi wanaijua mazabodi, ile bodi kubwa ya kompyuta. Mazabodi ina ubongo wake: prosesa imekaa juu yake. Bakipleni halisi haina ubongo wowote. Ni soketi na mistari ya shaba inayoziunganisha, basi. Kadi zote zinazungumza kupitia kwake, lakini yenyewe haisemi neno. Kadi moja ikiungua, unanunua nyingine na kazi inaendelea. Bakipleni ikiungua, kadi zote zinaweza kuwa nzima kabisa na mtambo usiwake, kwa sababu hakuna pa kukutania.

Kitu hiki kilizaliwa kutokana na uchovu wa kutafuta waya mbovu. Kompyuta za mwanzo zilikuwa msitu wa waya zilizochomelewa, na sehemu moja ikiharibika ilibidi kupekua msitu mzima. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya IBM ilianza kugawa mashine zake katika kadi ndogo zinazotosha kiganjani. Kadi zilichomekwa upande wa mbele. Upande wa nyuma wa soketi kulikuwa na maelfu ya pini, na waya nyembamba zilizungushwa kwenye pini hizo moja baada ya nyingine. Baadaye waya zilipungua, na mistari ya shaba iliyochapwa ndani ya ubao ikachukua kazi yake. Jina lilibaki pale pale: sehemu bapa iliyoko nyuma. Linakuambia kitu kinakaa wapi, halikuambii kinafanya nini. Shikilia hilo, maana ndilo litakaloleta matatizo baadaye.

Tanzania iliingia katika historia hii mapema. Mwaka 1965 kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha. Ilikuwa ICT 1500, kutoka kampuni ya Uingereza. Hapa kuna jambo linalonifurahisha: ICT hawakuibuni mashine hiyo. Ilikuwa RCA 301 ya Marekani, iliyobandikwa jina jipya na kuuzwa na Waingereza. Kwa hiyo kompyuta yetu ya kwanza ilitua Dar es Salaam ikiwa na majina mawili, na jina la mtengenezaji wake halikuwa lile lililosomeka mbele.

Safari hiyo haikuwa nzuri. Mradi wa kuweka hesabu za serikali kwenye kompyuta uliingia katika vurugu na gharama kubwa, na mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vinavyohusiana nazo. Vijana wa leo wakisikia hivyo wanacheka, lakini fikiria hali ya wakati ule: nchi yenye uhaba wa fedha za kigeni, mashine ambayo kipuri chake kinatoka ng'ambo, na anayejua kipuri gani kinahitajika ni yule yule anayekiuza. Mnunuzi hana hata maneno ya kuulizia.

Mwaka uliofuata, Januari 1975, jarida moja la Marekani liliweka kwenye jalada lake sanduku dogo lililoitwa Altair 8800. Lilitengenezwa na MITS, kampuni ndogo ya mji wa Albuquerque. Ndani yake kulikuwa na soketi zenye pini 100 kila moja. Inasimuliwa kwamba pini zilikuwa 100 kwa sababu tu MITS walipata soketi za aina hiyo kwa bei ya kutupa. Hakuna aliyekaa kuhesabu kama 100 ndiyo idadi inayofaa. Lakini mtu yeyote aliyeweza kutengeneza kadi ya pini 100 sasa angeweza kuichomeka kwenye Altair, na ghafla kampuni nyingi ndogo zikaanza kutengeneza kadi za namna hiyo.

Swali likawa: mpangilio huu wa pini 100 uitwe nani? MITS walitaka uitwe kwa jina la Altair. Washindani wao hawakupenda kabisa. Nani anataka kulipia tangazo la bidhaa yake halafu aandike ndani yake jina la mpinzani? Harry Garland na Roger Melen wa kampuni ya Cromemco wakatunga jina jingine, S-100, na mwaka 1976, wakiwa ndani ya ndege, wakamshawishi mshindani mwingine naye alitumie. Jina hilo likashika. Mwaka 1983 taasisi ya wahandisi ya IEEE iliuandika mpangilio huo kama kiwango rasmi namba 696. Yaani ubao ulikuwa ule ule na pini zile zile, lakini kwa kubadilishwa jina ulitoka nyumbani kwa mtu mmoja ukawa uwanja wa wote.

Makampuni makubwa yaliona na yakajifunza. Digital Equipment Corporation, waliotoa PDP-11 mwaka 1970, walikuwa wameona kampuni nyingine zikitengeneza kadi za kuchomeka kwenye mashine zao. Katika miaka ya 1980 walipoleta njia mpya iitwayo VAXBI, waliizungushia hataza na leseni: huna leseni, hutengenezi kadi. Mwaka 1987 IBM nao walileta Micro Channel kwenye kompyuta zao za PS/2, wakitaka malipo kwa atakayeitumia. Nafasi zile zilikuwa kwenye mazabodi, si kwenye bakipleni tupu, lakini ugomvi ni ule ule. Mwaka 1988 kampuni tisa zikiongozwa na Compaq zilijibu kwa kutangaza njia yao wenyewe, EISA. Kuanzia hapo bakipleni imeingia kwenye mikataba moja kwa moja: katika kurasa za mwanzo, pale penye "maana ya maneno", ndipo inapoamuliwa nani anaruhusiwa kuchomeka kitu gani, na kikiharibika nani analipa.

Sasa tushuke ziwani.

Kisorya iko wilaya ya Bunda, kwenye rasi inayochomoza ndani ya Ziwa Victoria. Barabara kutoka Bunda inafika hapo inaishia majini, na kivuko kinabeba watu na magari hadi Rugezi, upande wa Ukerewe. Ni mahali pa kupita. Samaki, mihogo, wanafunzi, wagonjwa, wafanyabiashara, wote wanapita. Watu wanaweka na kukopa, na siku hizi hesabu za akiba hazikai kwenye daftari peke yake.

Miaka michache iliyopita chama kimoja cha akiba na mikopo upande wetu kilinunua seva, kompyuta ya kutunzia kumbukumbu za wanachama. Ilikuwa na diski nne zinazochomekwa kwa mbele. Nyuma ya diski hizo, ndani kwa ndani, ilikuwepo bakipleni ndogo inayozipokea. Huku ziwani radi si mgeni. Msimu wa mvua ukaja, radi ikapiga karibu, seva ikazima. Fundi alipofungua alikuta diski zote nzima. Kilichoungua ni ubao wa kuzipokea.

Muuzaji alisema dhamana haihusu kitu hicho. Mjumbe mmoja wa chama, mzee ninayemheshimu sana, akaniletea nakala ya mkataba ya Kiswahili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Hebu tusomee hapa. Wanasema ubao wa nyuma haumo. Sisi tulipoona hivyo tulisema sawa tu, mfuniko wa nyuma si ni bati? Ukipinda unanyoosha."

Nikasoma. Kweli, mkataba ulitaja kwamba dhamana inahusu diski, kumbukumbu, feni na kifaa cha umeme, na kwamba haihusu "kasha na ubao wa nyuma". Aliyetafsiri kutoka Kiingereza alichukua neno la mhandisi akaligeuza kipande kwa kipande: nyuma, na kitu bapa. Hakudanganya. Lakini alichoandika hakikuwa na maana ile kwa mtu yeyote wa Kisorya. Pale kikaoni watu wenye akili timamu walisoma "ubao wa nyuma" pembeni ya "kasha", wakaelewa mfuniko, wakatia saini.

"Mzee wangu," nikamwambia, "hiki si kifuniko. Hiki ndicho diski zote zinaposhikia."

Alinyamaza kidogo. "Kumbe walituuzia kiungo wakatuondolea kinachokishika."

Kwa wiki sita kumbukumbu za watu zilikuwepo mezani, ndani ya diski nne nzima, na hakuna aliyeweza kuzisoma. Mikopo ilirudi kwenye daftari. Mama mmoja muuza dagaa alikuwa ameweka fedha wiki ya radi ile na hakuwa na stakabadhi. Ilibidi aapiwe na majirani. Mwishowe pande zote zilikaa na kukubaliana: muuzaji alete ubao mwingine, chama kilipe nusu ya bei. Ulipofungwa, diski zikasomeka na jina la yule mama likaonekana na kiasi chake. Suala halikufika mahakamani. Lakini je, lingefika ingekuwaje?

Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, ilitungwa 1961, na kwa sehemu kubwa ilirithi maneno ya Sheria ya Mikataba ya India ya 1872 iliyokuwa ikitumika Tanganyika kabla yake. Kifungu cha 29 kinasema makubaliano ambayo maana yake haijulikani wala haiwezi kujulikana ni batili. Ile sheria ya India ilitoa mfano ambao mtu wa Afrika Mashariki anauelewa mara moja. Mtu akikubali kuuza tani 100 za "mafuta" bila kusema mafuta gani, hakuna mkataba hapo. Lakini kama muuzaji ni mfanyabiashara wa mafuta ya nazi peke yake, basi biashara yake inatosha kutuambia ni mafuta ya nazi.

Chukua mfano huo uweke kwenye ubao wetu. Muuzaji atasema: mimi ni mtu wa kompyuta, na kwa mtu wa kompyuta ubao wa nyuma ni kitu kinachojulikana. Chama kitasema: sisi tunauza dagaa na kulima mihogo, na kwetu ubao wa nyuma ni ubao ulioko nyuma. Iko pia kanuni ya zamani iliyotufikia kupitia sheria za Uingereza: maneno yakiwa na utata, utata unamwangukia aliyeyaandika. Nadhani chama kingekuwa na hoja nzuri. Lakini hoja nzuri inataka wakili, nauli ya kwenda Musoma na kurudi, na muda ambao mama wa dagaa hana.

Na Musoma yenyewe ina sehemu yake katika habari hii. Ni hapo, katika Mahakama Kuu, Jaji Zepharine Galeba aliandika kwa Kiswahili uamuzi wa shauri lililohusu mgodi wa dhahabu wa North Mara, wakati hukumu za Mahakama Kuu zilikuwa zikiandikwa kwa Kiingereza. Tarehe 1 Februari 2021, katika Siku ya Sheria huko Dodoma, Rais John Magufuli alimsifu kwa jambo hilo na kutangaza kumpandisha kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Mwaka huo huo sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama.

Nilifurahi kama wengine, na bado nafurahi. Ila furaha hiyo imeleta deni. Kama Kiswahili ndicho kitakachoamua, basi Kiswahili lazima kiwe na maneno ya vitu vinavyogombaniwa. Zamani mgogoro wa seva ungesomwa kwa Kiingereza, na neno la mhandisi lingejitetea lenyewe kwenye kamusi ya wahandisi. Sasa litasomwa kwa Kiswahili, na jaji akifungua kamusi kutafuta "ubao wa nyuma" atakuta ubao, na atakuta nyuma. Basi.

Si kwamba hatujafanya kazi. BAKITA lipo tangu 1967. Mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Tumebishana sana kama tuseme kompyuta au tarakilishi, na tovuti na barua pepe zimeingia midomoni bila shida. Lakini angalia maneno hayo yanahusu nini. Mengi ni ya vitu vinavyoonekana kwenye kioo: faili, ukurasa, kiungo, nywila. Programu ina maandishi, kwa hiyo inamdai mtafsiri. Ubao wa shaba hauna maandishi ya kumwonyesha mtumiaji, haudai chochote, na umebaki bila jina mpaka siku unapoungua.

Napendekeza jina, na silichukui mbali. Seremala wa mitumbwi akianza kazi huweka kwanza mkuku, ule mti mrefu wa chini unaokwenda toka omo mpaka tezi. Mataruma, zile mbavu za chombo, yanashikia hapo, na mbao zinashikia kwenye mataruma. Mkuku haupigi kasia wala haushiki upepo, na abiria hauoni. Ubao mmoja wa ubavuni ukioza unabadilisha ubao. Mkuku ukivunjika, una lundo la mbao nzuri na huna chombo. Ukimwambia mzee yule "dhamana haihusu mkuku", asingetia saini. Angeweka kalamu chini na kuuliza: sasa mnatuuzia nini?

Neno mkuku ni la pwani, najua, na lilikuja bara pamoja na Kiswahili chenyewe. Wala hilo si geni. Neno ngeli, ambalo kila mwanafunzi wa sarufi analijua, lilitoka Kihaya, ng'ambo ya ziwa hili hili. Na ukivuka kwa kivuko kutoka Kisorya unaingia Ukerewe ya Aniceti Kitereza, aliyemaliza riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa wa kuichapa, na hatimaye akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ilitoka 1980, karibu na mwisho wa maisha yake. Mtu aliyebeba maisha mazima ya kisiwa kutoka lugha moja hadi nyingine alijua kwamba kugeuza kipande kwa kipande hakutoshi. Lazima ujue kitu kinafanya kazi gani kwa watu wake.

Tangu wakati ule nimesomea watu mikataba mingine miwili mitatu ya vifaa. Ninachowaambia wadai ni sentensi moja tu kwenye ukurasa wa maana ya maneno, na naiweka hapa kwa yeyote anayeihitaji: "Mkuku maana yake ni ubao wa ndani ambao kadi au diski zote za mtambo huchomekwa na kuwasiliana kupitia kwake, na ni sehemu ya mtambo kwa ajili ya dhamana hii." Muuzaji mmoja aliisoma, akacheka, akauliza tumeitoa wapi. Kisha akapandisha bei kidogo na kutia saini. Chama kikalipa nyongeza hiyo bila kulalamika, maana safari hii walijua wananunua nini.